Kuelewa Lugha ya Wachapaji: Mwongozo kwa Parokia Zinazoagiza Fulana, Kanga na Kumbukumbu za Jubilei



Jubilei ya parokia, upadrisho, sikukuu ya somo au kongamano la vijana havipiti siku hizi bila fulana, kanga, kofia, vikombe au kalenda zenye nembo ya tukio. Fedha zinazolipia vitu hivyo hutoka katika michango ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, na mara nyingi mtoaji ni mjane au mkulima aliyejinyima. Katika Injili ya Luka sura ya 14, Bwana anatufundisha kukaa kwanza na kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Hesabu hiyo haiwezekani kwa mtu asiyeelewa maneno yaliyomo katika karatasi anayotia sahihi. Makala haya yanafafanua maneno hayo.

Maneno ya uchapaji

*Uchapaji wa skrini.* Wino husukumwa kupita katika wavu mwembamba uliofungwa kwenye fremu. Kila rangi huhitaji fremu yake; hivyo nembo yenye rangi tatu inadai fremu tatu. Njia hii hudumu vizuri na hufaa kwa oda kubwa yenye rangi chache.

*Uhamishaji wa rangi kwa joto.* Rangi hugeuka mvuke na kuingia ndani ya nyuzi. Hufaa kwa kitambaa cha poliesta chenye rangi ya mwanga, wala haishiki inavyotakiwa kwenye pamba tupu. Vikombe vinavyochapwa kwa njia hii sharti viwe vimepakwa utando maalumu.

*Kudarizi.* Nembo hushonwa kwa uzi, na bei hufuata idadi ya mishono. Hupendeza kwenye kofia na mifuko ya mashati, lakini maandishi madogo sana hayasomeki.

*Uzito wa kitambaa.* Hupimwa kwa gramu kwa mita ya mraba. Fulana nyingi za kawaida huwa kati ya gramu 150 na 180. Ukipewa bei mbili zinazotofautiana sana, uliza kwanza uzito. Huenda fulana ya bei nafuu ni nyepesi mno.

*Ubora wa picha.* Picha ya kuchapwa huhitaji takribani nukta 300 kwa kila inchi. Nembo yenye upana wa nukta 600 itatoka safi kwa inchi 2 tu. Ikitandazwa kifuani kwa inchi 10 itakuwa na ukungu. Picha zinazotumwa kwa WhatsApp hupunguzwa ubora njiani. Afadhali parokia itunze nembo yake katika faili la *vekta*, yaani mchoro unaojengwa kwa mistari, ambao hukuzwa bila kuharibika.

*Rangi.* Skrini ya simu huunda rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu. Mashine ya karatasi huchanganya wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. Ndiyo sababu buluu uliyoipenda kwenye simu hutoka tofauti. Iwapo rangi lazima iwe ileile, taja namba yake katika mfumo wa Pantone.

Maneno ya kuagiza

*Kiwango cha chini cha oda.* Ni idadi ambayo mchapaji hakubali kazi chini yake. Kwa kanga na vitenge vinavyochapwa kiwandani kiwango hiki huwa kikubwa kuliko cha fulana. Kumbukeni pia kwamba kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili. Ulizeni kama bei iliyotajwa ni ya doti au ya kipande kimoja.

*Gharama ya maandalizi.* Hulipwa mara moja kwa kutengeneza fremu au faili, iwe oda ni ndogo au kubwa. Tuseme ni shilingi 30,000 kwa kila rangi, na nembo ina rangi tatu: jumla ni 90,000. Kwa fulana 30, kila moja inabeba 3,000; kwa fulana 300, kila moja inabeba 300. Vyama vya kitume vikiagiza pamoja, kila mmoja anapunguziwa mzigo.

*Ankara ya awali*, ambayo wengi huiita proforma. Huonyesha bei kabla ya kununua, wala si uthibitisho wa malipo. Angalieni kama kodi na usafirishaji vimejumuishwa. Baada ya kulipa, daini risiti ya kielektroniki.

*Sampuli na prufu.* Sampuli ni kitu halisi cha kushika mkononi. Prufu ni nakala ya mwisho ya mchoro, inayoletwa ili ikubaliwe. Ukishaitia sahihi, kosa la maandishi lililobaki humo kwa kawaida huhesabiwa kuwa lako. Isomwe na watu wawili, neno kwa neno: jina la somo, tarehe, mwaka, na jina la kanga.

*Siku za kazi.* Muda wa utengenezaji huanza kuhesabiwa baada ya prufu kukubaliwa na malipo ya awali kupokelewa. Siku 14 za kazi, bila Jumamosi na Jumapili, ni karibu wiki tatu.

*Kuzidi na kupungua.* Baadhi ya mikataba huruhusu idadi kupishana kidogo. Kwa asilimia 5, oda ya vipande 500 yaweza kufika ikiwa 475 au 525. Kubalianeni mapema nani atalipia ziada.

Yanayotuhusu kama Kanisa

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 537, inataka kila parokia iwe na baraza la uchumi. Na kanuni ya 1284 inawadai wasimamizi bidii ya baba mwema wa familia, pamoja na vitabu vya mapato na matumizi vilivyopangwa vyema. Kwa hiyo oda kubwa isiamuliwe na mtu mmoja kwa simu. Pateni bei za wachapaji zaidi ya mmoja kwa maandishi, na hesabu isomwe kwa waamini.

Nembo ya Baba Mtakatifu si mali ya kila mtu: tarehe 19 Desemba 2009 Vatikano ilitamka kwamba matumizi yake yanahitaji kibali cha Kiti Kitakatifu. Nembo ya Askofu nayo ombeni ruhusa Jimboni. Picha takatifu kwenye kanga au kitenge ipangwe kwa heshima, isiangukie mahali pa kukalia.

Hatimaye, sare isigeuke tiketi. Katika kupanga bei, tengeni kiasi kwa ajili ya wasio na uwezo, wala asiwepo kiongozi wa jumuiya anayemfanya mwamini aone haya kuja kwenye Misa ya jubilei kwa sababu hakununua. Vazi la ubatizo alishapewa bure, na hilo ndilo linalompa nafasi mezani pa Bwana.