Mawe Bila Saruji
Baba mdogo anataka kubomoa nyumba ya marehemu babu hapa Ntimaru, ajenge ploti ya kupangisha. Simlaumu, kodi ni pesa. Lakini nilimkumbusha Thimlich Ohinga, humu humu Migori. Kuta za mawe yaliyopangwa tu, bila saruji, urefu mita 1.5 hadi 4.5, zimesimama tangu karne ya 16 hivi. Jamii zilizohamia pale baadaye zilizikarabati, hazikuzibomoa. Serikali ilikuja kuzilinda kisheria 1981, UNESCO ikafuata 2018. Kwa hiyo sheria ilikuta kazi imeshafanywa na wakaaji. Nyumba ya babu haitaingia kwenye gazeti rasmi la serikali. Mlinzi wake ni sisi, na jana baba mdogo ameshaulizia bei ya mabati.