Simu ya Tukuyu na Herufi za Wagiriki

Simu ya batani inayouzwa sokoni Tukuyu imebeba herufi kumi za Kigiriki ambazo mnunuzi hakuziomba. Wahandisi wa Ulaya walipopanga alfabeti ya ujumbe mfupi wa GSM walikuwa na nafasi 128 tu, nao wakatenga mahali pa Δ, Φ, Γ, Λ, Ω, Π, Ψ, Σ, Θ na Ξ. Herufi kubwa nyingine za Kigiriki hufanana kwa umbo na za Kilatini, hivyo hizo kumi zilitosha. (Wasomaji wa Iringa watawakumbuka Wagiriki waliolima tumbaku huko, si wao walioleta herufi hizi.)

Kinyakyusa hakikutengewa hata moja. Kiswahili, Kihehe na Kibena vina irabu tano, lakini Kinyakyusa kina saba, na tahajia iliyoandaliwa na wanaisimu hutumia ɨ na ʉ kwa zile mbili za ziada. Mtu ni ʉmʉndʉ. Mwenye simu janja akichapa ʉ moja tu, ujumbe wote huhamia usimbaji mwingine, na nafasi za herufi hushuka kutoka 160 hadi 70. Ujumbe wa herufi 150, ambao kwa Kiswahili ungekuwa mmoja, huhesabiwa kuwa tatu. Mhehe wa Iringa halipi kodi hii. Mnyakyusa wa Rungwe hulipa.

Wagiriki nao walianzia nje ya mlango. Alfabeti ya ASCII, iliyotolewa Marekani mwaka 1963, haikuwajali, na wengi wao walilazimika kuandika lugha yao kwa herufi za Kilatini kwenye kompyuta. Lakini Ugiriki ilikuwa na dola, ilikuwa mwanachama wa Jumuiya ya Ulaya tangu 1981, na ilikuwa na shirika la viwango, ELOT, lililotoa kiwango namba 928 mwaka 1986. Mwaka uliofuata kikapata sura ya kimataifa, ISO 8859-7. Naona hapo ndipo penye siasa ya jambo lote: herufi huingia mashineni kwa kusemewa mezani.

ʉ ilisemewa na nani? Toleo la kwanza la Unicode, la 1991, lilikuwa nayo kwa sababu wanafonetiki waliihitaji katika alama zao. Wanafonetiki, hata hivyo, hawaanzi sentensi kwa herufi kubwa. Ʉ kubwa iliingizwa katika toleo 5.0, mwaka 2006. Kwa miaka kumi na mitano kiwango hicho kiliweza kumwandika ʉmʉndʉ katikati ya sentensi, kisiweze kumwandika mwanzoni.

Katikati ya kipindi hicho, Sera ya Utamaduni ya 1997 ilizitambua lugha za jamii kuwa hazina ya taifa. Jumbe ninazopokea kutoka Rungwe bado huandikwa kwa u na i za kawaida, nami huzikisia irabu kwa muktadha.