Hatua za mtoto: Kutoka 'dede' hadi 'tineja', nani huhesabu?

Januari mwaka jana nilimsindikiza binti yangu hadi shule moja ya chekechea mjini Nakuru kumtafutia mjukuu wangu nafasi. Mtoto alikuwa na umri wa miaka minne. Mwalimu, mama mpole kabisa, alimketisha kwenye kiti kidogo, akamwonyesha picha ya ng'ombe, kisha ya mwavuli, akamtaka azitaje. Mjukuu akaangalia sakafu. Akasimuliwa hadithi fupi ya sungura, akaombwa airudie. Kimya! Tulipotoka tulikabidhiwa fomu iliyokuwa na sentensi moja tu ya maelezo, nayo ikamliza mamake: "Hajafikia hatua ya umri wake."

Nami, msomaji mpenzi, niliiamini sentensi ile. Kwa miaka mingi nimewafunza walimu wa lugha, na kila muhula niliwachorea ubaoni hatua nne za makuzi ya akili alizozipendekeza Jean Piaget wa Uswisi: tangu kuzaliwa hadi miaka miwili, miwili hadi saba, saba hadi kumi na mmoja, kisha kuendelea hadi ujana. Jedwali safi, linaloingia vizuri katika mtihani. Sikuwahi kuwauliza wanafunzi wangu ni watoto wa wapi waliochunguzwa mpaka jedwali hilo likapatikana.

Aliyenizindua ni jirani yangu wa Njoro, ajuza wa Kikipsigis tunayemwita Kogo, yaani nyanya. Nilipomweleza yaliyotupata alicheka.

"Mwalimu, huyu mtoto juzi si alikuja kwangu na ujumbe wa mamake kuhusu mayai? Alisema idadi na akataja siku. Hakukosea hata neno moja."

"Sasa mbona alinyamaza kule shuleni, Kogo?"

"Maneno mengi ni ya kuambia watoto wenzake. Mtu mzima akimwita, kazi yake ni kusikia."

Jibu hilo lilinirudisha maktabani. Lakini kabla ya maktaba, hebu tuanze na lugha yenyewe. Neno 'hatua' tumelipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni mwendo wa mguu mmoja. Tunapozungumzia hatua za ukuaji tunatumia neno la miguu kuelezea maisha. Na Kiswahili cha zamani kilizitaja hatua hizo kwa vitendo. Mtoto alikuwa mchanga, kisha akaketi, akatambaa, akasimama dede (yaani akasimama kwa kuyumbayumba kabla ya kuweza kutembea), akaachishwa ziwa. Baadaye msichana alikuwa kigori, halafu akavunja ungo akawa mwari. Mvulana alibalehe akawa barobaro. Hakuna nambari hata moja katika orodha hiyo. Jirani alitazama mtoto anafanya nini, akajua amefika wapi.

Sasa tuje kwenye historia. Kuanzia miaka ya 1920, Arnold Gesell wa Chuo Kikuu cha Yale aliwapiga picha na filamu watoto wa Kimarekani na kuandaa viwango vya umri: mwezi huu mtoto huinua kichwa, mwezi ule huketi. Yeye aliamini kwamba mwili hukomaa wenyewe kwa ratiba yake, kama mahindi shambani. Halafu katika miaka ya 1950, daktari Mfaransa Marcelle Geber alipowapima watoto wachanga mjini Kampala, aliripoti kwamba walikuwa mbele ya viwango vya Wazungu. Kukazuka mjadala mkali. Wapo waliodhani hilo ni jambo la kuzaliwa nalo, la damu.

Jibu zuri zaidi lilipatikana hapa Bonde la Ufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Charles Super na Sara Harkness, mtu na mkewe kutoka Marekani, waliishi miaka mitatu katika kijiji cha Wakipsigis wanachokiita Kokwet katika maandishi yao. Neno lenyewe, kokwet, ni la Kikalenjin na maana yake ni ujirani. Familia za hapo zilikuwa zimegawiwa mashamba yaliyokuwa ya walowezi kabla ya uhuru wa 1963.

Matokeo ya Super yalichapishwa mwaka 1976. Watoto wa Kokwet waliketi na kutembea takriban mwezi mmoja mapema kuliko watoto wa Marekani. Lakini katika kutambaa na kuinua kichwa hawakuwa mbele hata kidogo. Kama ni damu, mbona ichague? Sababu ilikuwa nyepesi: akina mama wa Kipsigis walifundisha kuketi na kutembea. Mtoto wa miezi mitano au sita alichimbiwa kishimo kidogo ardhini ili mgongo upate egemeo. Lugha yao ina maneno mahususi ya kumfundisha mtoto kuketi na kumfundisha kutembea. Kutambaa hakukufundishwa. Kwa Wateso wa magharibi mwa Kenya, ambako akina mama wengi walifundisha kutambaa, watoto walitambaa mapema.

Kumbe basi, hatua ambayo jedwali linadai hujileta yenyewe, kwa sehemu huletwa na mlezi. Na anachokifundisha mlezi huwa kimehifadhiwa katika msamiati wa lugha yake.

Mwaka uliofuata, 1977, Harkness na Super walitoa makala ambayo kichwa chake kiliuliza kwa nini ni vigumu kuwapima watoto wa Kiafrika. Watoto wa Kokwet walisimuliwa hadithi kisha wakaombwa wairudie mbele ya mtu mzima. Wadogo wengi walinyamaza. Si kwamba walikosa maneno, kwani nyumbani walizungumza sana na ndugu zao pamoja na cheplakwet, yule msichana mdogo anayemlea mtoto mama akiwa shambani. Walikuwa wamefunzwa kwamba mbele ya mkubwa, ustadi wa lugha ni kuelewa agizo na kulitekeleza. Kuhojiwa na mtu mzima kuhusu jambo ambalo yeye mwenyewe analijua tayari lilikuwa zoezi geni. Niliposoma hayo nilimwona mjukuu wangu kwenye kile kiti kidogo. Ng'ombe yumo katika picha, mwalimu anamwona, sasa anauliza nini?

Wazazi wa Kokwet walikuwa na neno lao la kumsifu mtoto: ng'om. Wasomi hulitafsiri 'mwerevu', lakini tafsiri hiyo inapwaya. Mtoto aliye ng'om huona kazi na kuifanya bila kuambiwa, na ukimwachia wadogo zake, utawakuta salama. Shule ilipoingia, wazazi hawakulitupa neno hilo. Waliligawa: kuna ng'om en ga, yaani mwerevu wa nyumbani, na ng'om en sukul, mwerevu wa shuleni. Wanajua fika kwamba mtoto anaweza kuwa na mmoja akakosa wa pili. Fomu tuliyopewa Nakuru ilikuwa na nafasi ya mmoja tu.

Nambari zilimwandama kijana pia. Awali, mvulana wa Bonde la Ufa aliingia utu uzima pamoja na wenzake: Mkalenjin kwa ibinda, Mkikuyu kwa riika, neno ambalo ni ndugu wa 'rika' letu. Kisha serikali ya kikoloni, kupitia sheria ya 1915 iliyotekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ikamtaka kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi awe na kipande. Kwa kijana ambaye hakuna aliyeandika siku yake ya kuzaliwa, umri huo ulikuwa wa kukadiria. Ndivyo alivyogeuka mtu mzima katika daftari la mwajiri hata kama nyumbani bado alikuwa mvulana. Leo magazeti yetu, hili likiwemo, humwita kijana 'tineja', neno lililotokana na jinsi Waingereza wanavyohesabu kutoka kumi na tatu hadi kumi na tisa. 'Rika' linakuuliza umekua na nani. 'Tineja' linakuuliza una miaka mingapi.

Sisemi tuzichome nambari. Katiba ya 2010 inaposema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, inamkinga msichana aliyevunja ungo ambaye zamani angeozwa bila yeyote kushtuka. Na muuguzi wa kliniki anayegundua mapema kwamba mtoto hasikii anaokoa maisha. Ninalolipinga ni kuichukua nambari ya mtoto wa kwingine na kumhukumia mtoto wa Njoro, hasa wakati huu ambapo mtaala wetu unasema unapima umilisi, yaani anachoweza mtoto kukitenda.

Basi ninawaomba walimu wa chekechea waongeze maswali mawili kwenye fomu zao, wayaulize nyumbani, tena kwa lugha ya nyumbani: mtoto huyu hutumwa nini? Na akiwa na watoto wenzake, husema nini?

Mjukuu wangu alipata nafasi katika shule nyingine, ambako mwalimu alimwacha acheze na wenzake asubuhi nzima kabla ya kuandika lolote. Mwezi wa pili alituandikia kwamba mtoto anaongea mno darasani. Nilimpelekea Kogo habari hiyo. Akaniuliza kama siku hizi mtoto anakumbuka kufunga lango la kuku.