Jiwe, Maji na Wino
Uchapaji wa litografia, Bavaria, Ujerumani

Alois Senefelder, mwandishi wa tamthilia mjini München, alitafuta njia nafuu ya kuchapa kazi zake. Kati ya 1796 na 1798 alibuni litografia kwa kutumia jiwe la chokaa la Solnhofen. Litazame kwa upande: uso wake ni bapa, haukuchongwa. Kinachotenganisha mchoro na sehemu tupu ni kwamba mafuta na maji hayapatani.

Kazi inavyokwenda
Mchoraji huchora kwa chaki yenye mafuta. Kisha jiwe hupakwa gundi ya mgunga yenye asidi kidogo, ili sehemu tupu zishike maji. Kabla ya kila nakala, mchapaji hupitisha sponji yenye maji, halafu rola ya wino wenye mafuta. Wino hukwepa palipolowa na kunata kwenye mchoro.

Mizani
Maji yakipungua, wino hushika hata sehemu tupu na nakala hutoka chafu. Yakizidi, huchanganyika na wino, rangi ikapauka. Karatasi nayo hulowa na kutanuka, na rangi ya pili haikai mahali pake. Mchapaji stadi huinama kuangalia mng'ao wa unyevu na kusikiliza mlio wa wino chini ya rola.

Leo
Mashine za ofseti zinazochapa vitabu na magazeti hutumia mabamba ya alumini badala ya jiwe. Hata hivyo, kwa nyingi kati ya hizo, kupima maji dhidi ya wino bado ndiyo kazi ya kwanza ya fundi.