Waimbaji wa Safari na Wenyeji Wao Katika Nchi ya Buha

Wakati wa Yubilei ni desturi kuwataja wale waliotangulia kupanda mbegu ya imani. Twawakumbuka Mapadre Weupe waliofika Ujiji mwaka 1879. Twamkumbuka pia Askofu Johannes van Sambeek, aliyepewa Vikarieti ya Kigoma ilipoanzishwa mwaka 1946, nayo ikawa Jimbo mwaka 1953. Majina yao yamo vitabuni. Lakini wako wengine ambao hawakuandikwa po pote, nao ndio tutakaowasimulia: wale waliowapokea waimbaji safarini, wakawapa moto, chakula na mahali pa kulala.

Desturi hiyo ni ya zamani kuliko misheni. Tangu kale Waha, kama jirani zao wa Burundi na Rwanda, wana kinanda chao kiitwacho inanga, yaani ubao uliochimbwa, ambao juu yake hupitishwa kamba moja ndefu ikienda na kurudi mara nyingi. Sauti yake ni ya upole. Haiwezi kushindana na makelele ya sokoni, bali yataka nyumba, usiku, na watu walionyamaza. Kwa hiyo mpiga inanga alihitaji mwenyeji. Mwenye nyumba alimpa nafasi karibu na moto, naye aliwapa watu wa nyumba hiyo habari za Wami na za mababu. Waliosema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone,” hawakukosa.

Misheni zilipoenea Kasulu na Kibondo, parokia zilikuwa chache na vigango vilikuwa mbali. Katekista alikwenda kwa miguu kigango hata kigango, akifundisha sala na nyimbo pamoja. Zamani zile Misa iliimbwa kwa Kilatini. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa Konstitusio juu ya Liturujia, ukaagiza kwamba muziki wa asili wa mataifa uheshimiwe na kupewa nafasi katika ibada. Ndipo ngoma ikaingia kanisani, na kwaya zikaibeba begani zilipokwenda kutembeleana siku za sikukuu.

Sisi wenyewe tulikuwamo katika safari hizo miaka ya 1990, tulipokuwa vijana. Siku moja tuliondoka Kibondo alfajiri, watu kumi na wanane na ngoma tatu. Mvua ikatukamata njiani. Tulifika usiku, tumelowa, ngozi za ngoma zimelegea; wala hatukuwa tumetuma habari kwamba tu wengi kiasi hicho. Tukagawanywa nyumba kwa nyumba. Sita wetu tulipokewa na mama mmoja mjane. Alizikausha ngoma zetu karibu na moto, akatupikia ugali wa muhogo na maharage; mwenyewe hakula, akisema amekwisha kula. Tulikula mpaka chungu kikawa kitupu, kisha tukamshukuru kwa wimbo.

Asubuhi tulimwona mtoto wake akikung’uta kifuko, akiuliza, “Mama, tutapanda nini?” Mama akamkataza asiseme mbele ya wageni. Ndipo tulipofahamu kwamba tumekula mbegu. Katika Misa ya siku ile tuliimba, lakini sauti zetu hazikutoka vema. Tuliporudi nyumbani tukachanga maharage, tukampelekea. Aliyapokea kwa furaha, akatuomba tumwimbie tena. Lakini jirani zake walikuwa wamekwisha kupalilia.

Watu wa namna hiyo ndio waliofungua milango mwezi wa Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa, na Warundi kwa maelfu wakavuka mpaka. Miongoni mwao walikuwamo waimbaji wa kanisa, wasio na ngoma wala kitabu. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, basi nyimbo zao tulizishika upesi. Baadaye tulipokwenda kuimba katika kambi ya Mtendeli, wao ndio wakawa wenyeji wetu, wakatugawia posho ile ile waliyopimiwa kwa kikombe. Hatukuthubutu kuikataa, tena safari hiyo tulikuwa tumebeba maharage yetu.

Enyi walimu na viongozi wa kwaya, Bwana wetu alipowatuma wanafunzi wake aliwaagiza wale walichoandaliwa. Hakuwaagiza wasahau nani aliyeandaa. Yatupasa kutuma habari mapema, tukitaja idadi yetu; kubeba chakula, hata kama tunajua tutapikiwa; na kuandika katika daftari la kwaya, kando ya jina la kigango, jina la kila mwenye nyumba aliyetulaza. Hivyo watakaoandika kitabu cha Yubilei ijayo watayaona majina hayo.

Mama yule amekwisha kufariki. Mwenyezi Mungu amlipe yeye na wenyeji wote, walio hai na waliotutangulia. Amina.