Maji Ndiyo Yaliyotupangia Makazi

Ndugu wana-Kiboriloni, mlio nyumbani na mlio mbali,

Anayeshuka kwa miguu kutoka Old Moshi hadi soko letu hupita katikati ya historia yetu. Juu kabisa kuna msitu unaonasa mvua na ukungu. Chini yake, kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi, ni vihamba vya migomba na kahawa. Kisha miti inapungua, ardhi inakauka, na hapo ndipo tulipo sisi.

Wazee wetu walikaa kule juu kwa sababu ya maji. Hata hivyo mito ilipita ndani ya makorongo, na watu waliishi kwenye migongo ya vilima. Kwa hiyo walichimba mifongo. Waliukinga mto huko juu kwa mawe, magogo na majani, wakayaongoza maji kwa mteremko mdogo hadi vihambani. Wajerumani walipofika waliikuta mifongo hiyo ikifanya kazi.

Huku chini palikuwa mahali pa kulima tu. Mvua ilikuwa haba na homa ya malaria ilitisha. Watu walishuka kulima ulezi wa mbege, na baadaye mahindi na maharage, jioni wakapanda kurudi nyumbani. Mambo yalibadilika vihamba vilipogawanywa kwa wana na wajukuu hadi vikawa vidogo. Reli ya kutoka Tanga nayo ilifika Moshi mwaka 1911, mji ukakua tambarare. Watu wakashuka kuishi, bali maji yameendelea kutoka juu.

Mfongo ulikuwa mali ya ukoo wa aliyeuanzisha, na waliotumia maji yake walipangiwa zamu. Siku ya kuuzibua, kila mtumiaji alitakiwa kufika na jembe. Asiyefika alitozwa faini, mara nyingi mbege, ikanywewa na waliofanya kazi.

Leo mifongo mingi imezibwa kwa mchanga, takataka na nyumba. Wengi wetu tuko Dar es Salaam, Arusha na ng'ambo, hatuwezi kushika jembe siku ya kazi. Basi mchango wa mwaka huu, wa kuzibua mifongo na kupanda miti kwenye vyanzo vya maji, tuutoe kwa desturi ile ile: aliye nyumbani alete jembe, aliye mbali alipie zamu yake. Desemba tutakapopanda kuja kula sikukuu, tuyakute maji yakitiririka.