Bluebird, na Mashua Yetu ya Mvule

Januari 1967, siku chache baada ya shule kufunguliwa, mwalimu wetu wa fizikia aliingia darasani na gazeti la kwao Uingereza lililochakaa kwa safari. Ndani yake mlikuwa na picha za mashua iliyopaa. Nasema iliyopaa kwa maana yenyewe ya neno hilo: chombo kizima kilikuwa hewani, pua ikitazama mbinguni, maji yakiwa chini yake kama ardhi chini ya ndege. Mwalimu yule hakuwa mtu wa maneno mengi. Alichora ubaoni, akatueleza jinsi hewa inavyoingia chini ya chombo kinachokimbia mno, kisha akafuta ubao kabla hatujamaliza kunakili. Majuma machache baadaye likaja Azimio la Arusha, nasi tukawa na mengine ya kujadili.

Lakini picha zile sikuzisahau, na ndugu msomaji ataona mbele kwa nini.

Chombo kile kiliitwa Bluebird, namba yake ya usajili K7. Mwenyewe alikuwa Donald Campbell, mwana wa Sir Malcolm Campbell, ambaye naye alivunja rekodi za mwendo kwa motokaa na kwa mashua, na mauti yakamkuta mwaka 1948. Jina la ndege wa buluu mzee alilitoa katika mchezo wa kuigiza wa Maeterlinck. Mwana akalirithi jina, akairithi na kiu.

K7 iliundwa kwa mabomba ya chuma yaliyovikwa mabati ya alumini, ikaendeshwa kwa injini ya jeti. Ilipokimbia haikukaa majini kama mashua zetu zinavyokaa. Iligusa maji mahali patatu tu, kwenye maboya mawili ya mbele na sehemu ndogo ya nyuma. Hapo ndipo ilipopata kasi yake, na hapo hapo ndipo palipokuwa na hatari, maana pua ikiinuka kupita kiasi hewa huingia chini na kukibeba chombo. Julai 1955 ilifikisha maili 202.32 kwa saa katika ziwa Ullswater. Campbell alivunja rekodi ya majini mara saba kwa chombo hicho, mara ya mwisho tarehe 31 Desemba 1964 huko Australia, kwa maili 276.33 kwa saa, yaani zaidi ya kilometa 444. Mwaka huo huo alikuwa ameshika rekodi ya nchi kavu pia. Hakuna mwingine aliyezipata zote mbili katika mwaka mmoja.

Wengine wangeridhika. Yeye alitaka 300. Akatia injini yenye nguvu zaidi, akaenda ziwa Coniston, na tarehe 4 Januari 1967 akapita mara ya kwanza kwa maili 297.6. Sheria ya rekodi hutaka kwenda na kurudi, kisha wastani wake. Desturi yake ilikuwa kutulia kule mwisho na kutia mafuta, mawimbi aliyoyaacha nyuma yakapata kulala. Safari ile hakungoja. Aligeuka akarudi mara moja, akapita maili 320 kwa saa, pua ikanyanyuka, na Bluebird ikapinduka hewani na kujipiga majini. Kilichoelea ni vipande, pamoja na kile kidubu cha kitambaa alichokuwa akisafiri nacho kwa bahati njema. Wapiga mbizi wa jeshi la majini waliyaona mabaki, lakini mwili hawakuupata.

Miaka 34 ikapita. Mhandisi mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, Bill Smith, ambaye kupiga mbizi kulikuwa mapenzi yake tu, akaanza kuitafuta. Aliikuta kwenye kina cha meta 45 hivi, na tarehe 8 Machi 2001 ikainuliwa, rangi yake ya buluu ingali yaonekana. Ilikuwa heri kwamba Coniston ni maji baridi. Bahari isingeiachia alumini kiasi kile. Mwezi Mei mwaka huo mwili wa Campbell nao ukapatikana, ukazikwa Septemba katika kijiji cha Coniston.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana kazi ya kuirudisha ilianza kwa mgogoro. Jean Wales, ndugu yake Campbell wa kike, hakutaka mwili uinuliwe, kwa kushika wosia kwamba nahodha na chombo chake wasitenganishwe. Wengine walisema chombo kihifadhiwe vile vile kilivyovunjika, watu waone jinsi ajali inavyokuwa. Binti yake, Gina Campbell, alitaka kitengenezwe. Desemba 2006 kwa niaba ya familia akakikabidhi kwa Makumbusho ya Ruskin pale Coniston, na mafundi wa kujitolea wakaendelea nacho katika karakana mjini North Shields.

Fundi wa kawaida angelitupa bati lililokunjamana akakata jipya. Hawa walikataa. Walitoboa ribiti moja baada ya nyingine, wakalitenga kila bati, wakalipasha moto lilegee, wakaligonga taratibu mpaka likarudia umbo, kisha wakalirudisha pale pale lilipotoka. Sehemu ya rubani ilikuwa imeng'oka na kusagika, kwa hiyo huko mbele ilibidi waunde upya sehemu kubwa. Injini ya zamani haikufaa, ikawekwa nyingine ya aina ile ile. Kazi ilichukua miaka mingi kuliko ile ambayo chombo kiliitumika, jambo ambalo mwanzoni nililiona upuuzi. Sasa sioni hivyo.

Agosti 2018 Bluebird iligusa maji tena, katika Loch Fad kwenye kisiwa cha Bute, Uskoti. Mjukuu wangu alinionyesha filamu yake kwenye simu. Iliruka juu ya maji kwa kasi ya maili 150 hivi, nusu tu ya ile iliyomwua mwenyewe. Nilimwambia airudishe tangu mwanzo, akairudisha mara tatu, akaniuliza, "Babu, unalia?" Nikamwambia ni macho ya uzee.

Baadaye mafundi na makumbusho wakavutana juu ya nani mwenye chombo, wakafikishana kwa wanasheria, na Machi 2024 kikarudi Coniston. Mambo ya namna hiyo hutokea kila mahali penye kitu cha thamani, siyaongezi neno.

Mwaka 1988 nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu kando ya Ziwa Viktoria. Chuo kilikuwa na mashua ya mbao za mvule, yenye mashine ya kufunga nyuma, tuliyoitumia kuwapeleka wanachuo visiwani kwa mazoezi ya kufundisha. Jioni moja upepo uliivuruga ikapigwa na mwamba, mwanachuo wa mwaka wa pili akafa maji. Wenzake waliiburuta ufukweni. Mbao tatu za ubavu zilikuwa zimepasuka na mataruma mawili yamevunjika. Mkuku ulikuwa mzima.

Mzee aliyeiunda, mwenyeji wa Ukerewe, alikuja kwa miguu kutoka kituo cha basi. Aliizunguka, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akasema, "Mwalimu, hii ni kazi ya wiki mbili. Nipe mbao, pamba na mafuta ya kukalafati." Nikamwambia sitaki kuiona. Akaniuliza, "Mashua imekosa nini?" Sikumjibu. Tulikuwa na mitihani, wanachuo walikuwa wanaogopa kupita pale usiku, na wenzangu walisema ni mkosi. Nikatoa amri ikapasuliwe kuni. Mvule unawaka vizuri. Jiko la chuo lilipikia ugali kwa mashua ile siku nne, na mimi nikaona nimefanya jambo la busara.

Juma la pili akaja baba wa marehemu. Nilidhani amekuja kwa ajili ya vyeti na sanduku la mwanawe, nikawa nimeviweka tayari. Akavipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akasema, "Naomba nikaione mashua."

Nikamwambia haipo.

"Imekwenda wapi?"

Nikamwambia. Hakupandisha sauti. Akauliza ilikuwa imelazwa wapi, nikampeleka ufukweni mimi mwenyewe. Mchangani palikuwa bado pana mfuo wa mkuku, umejaa maji kidogo. Akavua viatu, akachutama, akaweka kiganja ndani ya mfuo ule, akakaa hivyo mpaka basi la jioni likapiga honi barabarani.